Maelezo ya vielekezi vya funksheni katika C: tuyaweke wapi?

Komenti ya funksheni ya kawaida ikikuchanganya, unashuka mistari michache, unausoma mwili wake, shaka inaisha. Kielekezi cha funksheni, yaani kigeu kinachobeba anwani ya funksheni ili iitwe kupitia kwake, hakina mwili. Ukiwa kwenye mstari kama `h->ops->soma(h, bafa, urefu, mwanzo)` ukakiambia kihariri kikupeleke ilikotoka, kinakushusha kwenye uga mmoja ndani ya `struct` (muundo unaokusanya vigeu kadhaa, kila kimoja kikiitwa uga), na njia inaishia hapo. Utekelezaji unaweza kuwa mmoja, unaweza kuwa thelathini, na mwingine huenda utaandikwa mwaka ujao na mtu msiyejuana. Yale maneno machache yaliyo juu ya uga ule ndiyo mkataba wote uliopo.

Mkataba una pande mbili, na hapo ndipo komenti nyingi za C zinapochechemea. Anayeita anataka kujua: nikirudishiwa namba hasi, bafa yangu, yaani kumbukumbu niliyotenga ya kupokelea data, imebaki na nini ndani? Anayetekeleza ana maswali mengine kabisa. Nitaitwa huku nani ameshika kufuli, kile kinachozuia nyuzi mbili kugusa data moja kwa pamoja? Naruhusiwa kulala, yaani kusimama nikisubiri? Nikiacha uga huu `NULL`, bila funksheni yoyote, itakuwaje? Nikishindwa katikati, nisafishe mimi au atasafisha aliyeniita? Kwa kawaida aliyebuni kiolesura ndiye huyo huyo anayekiita, basi huandika anayoyahitaji yeye, na yule wa upande wa pili anaachwa abahatishe.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho, kiolesura kidogo cha hifadhi ya data:

```c
struct hifadhi_ops {
        int     (*fungua)(struct hifadhi *h, const char *jina);
        ssize_t (*soma)(struct hifadhi *h, void *bafa,
                        size_t urefu, off_t mwanzo);
        int     (*sawazisha)(struct hifadhi *h);
        void    (*funga)(struct hifadhi *h);
};
```

Maelezo yake yanaweza kukaa mahali patano: komenti moja kubwa juu ya muundo wote, komenti juu ya kila uga, `typedef`, yaani jina jipya la aina, yenye maelezo yake, funksheni ya mlangoni, yaani ile ya kawaida ambayo watu huiita nayo ndiyo inayokiita kielekezi, au waraka uliojitenga na msimbo. Sitazipa nafasi sawa. Mbili za kwanza ndizo watu wanazobishania kila wanapopitia msimbo, na ya tatu ina mtego ambao wengi hawauoni.

## Kabla ya komenti yoyote, majina

C inakuruhusu kuziacha parameta za kielekezi bila majina. Kwa kompaila, `ssize_t (*soma)(struct hifadhi *, void *, size_t, off_t)` ni sawa kabisa na ile niliyoandika juu. Kwa msomaji ni mbali sana. Angalia `copy_file_range` ndani ya `struct file_operations` ya kerneli ya Linux, katika `include/linux/fs.h`:

```c
ssize_t (*copy_file_range)(struct file *, loff_t, struct file *,
                loff_t, size_t, unsigned int);
```

Faili mbili, nafasi mbili. Ipi chanzo, ipi mwisho wa safari? Aliyezoea `memcpy` atasema ya kwanza ndiyo inayopokea, kwa sababu `memcpy` hutanguliza inayopokea. Atakuwa amekosea: hapa chanzo ndicho kinachotangulia. Majina manne tu yangemaliza suala hilo bila sentensi hata moja.

Na kama una msimbo wa zamani wenye mabano matupu, `int (*f)()`, usiuandikie maelezo kabla hujaurekebisha. Kabla ya C23 mabano hayo yalimaanisha kwamba parameta hazijatajwa. Kuanzia C23 yanamaanisha hakuna parameta. Komenti yoyote utakayoiweka juu yake itakuwa inaeleza vitu viwili tofauti kutegemea kompaila.

## Juu ya muundo, au juu ya kila uga?

Mtindo wa komenti moja juu ya muundo, kwa umbo la kernel-doc (mtindo wa komenti za kerneli ya Linux), unaonekana hivi:

```c
/**
 * struct hifadhi_ops - shughuli zinazotolewa na kila aina ya hifadhi
 * @fungua: huandaa hifadhi
 * @soma: husoma baiti kuanzia nafasi iliyotajwa
 * @sawazisha: husukuma data yote kwenye chombo
 * @funga: huachilia kila kilichoshikwa na @fungua
 */
```

Uzuri wake ni kwamba unaona kiolesura chote kwa mtupo mmoja wa jicho, na `struct` yenyewe chini inabaki fupi. Umbo hili halikulazimishi kuandika kidogo. SQLite, maktaba ya database, inalitumia kwa kina: katika `sqlite3.h`, juu ya `sqlite3_io_methods`, kuna komenti ndefu inayoeleza viwango vya makufuli, bendera za kusawazisha, na onyo ambalo ningependa kila mbunifu wa kiolesura alisome. Linasema kwamba `xRead` ikirudisha `SQLITE_IOERR_SHORT_READ` ni lazima pia ijaze sifuri sehemu ya bafa iliyobaki, na kwamba utekelezaji usiofanya hivyo unaweza kuonekana unafanya kazi, lakini mwishowe database itaharibika. Hiyo ndiyo aina ya sentensi ambayo mtekelezaji hawezi kuivumbua mwenyewe. Majaribio yake yote yatapita, na uharibifu utatokea baada ya miezi sita.

Lakini SQLite ina nidhamu ambayo timu nyingi hazina. Katika miradi ya kawaida, orodha ya `@jina:` juu ya muundo humvuta mwandishi aandike mstari mmoja kwa kila uga, ili ilingane na mistari mingine. Ndiyo maana unakuta `@soma: husoma`. Komenti kama hiyo imejaza nafasi tu. Ukiitazama kwa mbali unadhani kiolesura kimeandikiwa maelezo, na hata chombo cha kukagua kinaridhika, kwa kuwa jina limetajwa.

Kuna tatizo la pili, la umbali. `git diff` kwa kawaida huonyesha mistari mitatu juu na chini ya badiliko. Mtu akibadilisha saini (aina za hoja na za kinachorudishwa) ya uga wa kumi na nane kwenye muundo mrefu, komenti inayouhusu iko mistari sabini juu na haimo kabisa kwenye kiraka anachokipitia mwenzake. Hakuna aliyezembea hapo. Jicho halikupewa nafasi ya kuona.

Komenti juu ya kila uga hutatua yote mawili:

```c
        /**
         * @soma: Husoma baiti zisizozidi @urefu kuanzia @mwanzo.
         *
         * Huitwa kufuli la @h likiwa limeshikwa, inaruhusiwa kulala.
         * @bafa ni mali ya anayeita: usiihifadhi baada ya kurudi.
         *
         * Si lazima. Ikiwa NULL, hifadhi ni ya kuandika tu na
         * anayeita hupewa -ENOTSUP.
         *
         * Hurudisha idadi ya baiti zilizosomwa, 0 mwisho wa hifadhi,
         * au namba hasi ya kosa. Kusoma pungufu si kosa.
         */
        ssize_t (*soma)(struct hifadhi *h, void *bafa,
                        size_t urefu, off_t mwanzo);
```

Ukiweka kishale juu ya `soma` mahali popote inapoitwa, kihariri kinachotumia clangd (programu inayokichambulia kihariri msimbo wa C) kitakuonyesha maneno hayo hayo. Ukibadilisha saini, komenti imo ndani ya kiraka. Na kwa kuwa sasa kuna nafasi, mwandishi huandika. Mfano mzuri wa hadharani ni `include/drm/drm_modeset_helper_vtables.h` ya Linux, upande wa michoro: juu ya kila uga kuna aya kadhaa zinazosema nani huuita, kama ni wa lazima, ni wa njia mpya au ile ya zamani, na hurudisha nini. Ukiandika draiva ya skrini, faili hilo moja unaweza kulisoma kama kitabu cha kiada.

Gharama yake inaonekana wazi. Muundo wa nyuga ishirini unakuwa mistari mia nne, na ule mtupo mmoja wa jicho umepotea. Huwezi tena kuona kwamba `fungua` na `funga` ni pacha, kwa sababu kati yao kuna kurasa mbili. Jambo jingine, dogo: Doxygen, chombo kinachotengeneza kurasa za maelezo kutokana na komenti, huuchukulia uga wa aina hii kama kigeu, kwa hiyo kwenye kurasa zinazotengenezwa utaukuta umepangwa pamoja na data za kawaida, si pamoja na funksheni.

Mimi huchagua juu ya kila uga, na hata hivyo siiachi komenti ya muundo iwe tupu. Ile ya juu huibakizia mambo yasiyo ya uga mmoja: mpangilio wa miito, nani anamiliki muundo wenyewe, kama ni lazima uwe `const` na udumu mpaka programu iishe, na kama nyuzi mbili zinaweza kuingia kwa wakati mmoja. Ikiwa sentensi ina majina mawili ya nyuga ndani yake, mahali pake ni juu.

## Mtego wa `typedef`

Kwa kolbaki, yaani funksheni unayomkabidhi mwingine ili aiite baadaye, `typedef` karibu huwa ni lazima. Mfano unaojulikana ni `signal`, ambayo bila `typedef` husomeka hivi:

```c
void (*signal(int sig, void (*func)(int)))(int);
```

Kwa `sighandler_t` ya glibc (maktaba ya C ya GNU) inakuwa `sighandler_t signal(int signum, sighandler_t handler)`, na mtu anaweza kuisoma kwa sauti. Faida nyingine ni ya vyombo: `typedef` hupata ingizo lake katika kurasa za Doxygen, `@param` na `@return` zikae mahali pake, na Clang ikiwashwa `-Wdocumentation` itakulalamikia ukitaja parameta isiyokuwepo.

Mtego ni huu: saini moja haimaanishi mkataba mmoja. Chukua `qsort` na `bsearch`. Zote mbili hupokea kilinganishi cha aina ile ile, na glibc hukiandika kwa `typedef` moja, `__compar_fn_t`. Lakini `qsort` humpa mlinganishi vipengele viwili vya safu, ilhali `bsearch` humpa ufunguo kwanza na kipengele baadaye, na ufunguo huo si lazima uwe wa aina moja na vipengele. Kilinganishi kinachofaa kwa `bsearch` kinaweza kuwa sumu kwa `qsort`, na kompaila haitasema neno. Ukiweka maelezo kwenye `typedef` pekee, utaandika kile kinachofanana kati ya matumizi yote, na kile kinachotofautiana, ambacho ndicho hatari, kitakosa makao.

Historia ya `qsort_r` inafundisha jambo la karibu na hilo. Katika glibc, data ya mtumiaji huja mwisho wa hoja za kilinganishi. Katika BSD ilikuwa inakuja mwanzo. Jina moja, kazi moja, mpangilio tofauti. Toleo la 2024 la POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, limechukua mpangilio wa glibc, lakini msimbo ulioandikwa kabla ya hapo bado unazunguka. Anayebuni kolbaki leo aseme kwa maneno data ya mtumiaji ni hoja ya ngapi, hata kama inaonekana wazi.

Kwa hiyo katika `hifadhi_ops` sitaandika `typedef int (*hifadhi_fn)(struct hifadhi *)` ili tu `sawazisha` na wenzake wa baadaye waishirikiane. Ningekuwa nimeokoa herufi ishirini na kumlazimisha msomaji aruke mara mbili: kutoka kwenye mwito mpaka kwenye uga, kutoka kwenye uga mpaka kwenye `typedef`, ambako angekuta maelezo ya jumla yasiyomsaidia.

Kuna umbo la tatu ambalo napenda na silioni likitumiwa vya kutosha: kuipa jina aina ya funksheni yenyewe, bila nyota. FreeBSD hufanya hivyo kwa draiva zake. Katika `sys/conf.h` kuna `typedef int d_open_t(struct cdev *dev, int oflags, int devtype, struct thread *td);`, kisha ndani ya `struct cdevsw` uga ni `d_open_t *d_open;`. Nyota inabaki inaonekana, kwa hiyo hakuna anayesahau kwamba ni kielekezi. Na mtekelezaji anaweza kutangaza `static d_open_t echo_open;` juu ya faili lake. Tangazo hilo linasema “hii inatimiza mkataba ule”, na kompaila inalihakiki. Ni maelezo yasiyoweza kuchakaa. Kama kiolesura chako kina watekelezaji wengi na saini zake hubadilika mara kwa mara, hili linashinda kuandika saini moja kwa moja ndani ya muundo.

## Funksheni ya mlangoni

Ukiwa na `ssize_t hifadhi_soma(...)` inayokagua hoja, kushika kufuli, na kuita `h->ops->soma`, upande wa anayeita umepata mwili wa kusoma. Maelezo yake huandikwa kama ya funksheni yoyote, na vyombo vyote huyaelewa. GLib, maktaba ya C ya mradi wa GNOME, imejengwa hivyo: anayesoma data huita `g_input_stream_read()`, iliyoelezwa kwa urefu, na uga wa `read_fn` ndani ya `GInputStreamClass` ni wa wale wanaotengeneza aina mpya ya mkondo.

Faida ambayo haitajwi sana ni ya mtekelezaji. Mlango ni mmoja tu, kwa hiyo akiwa na shaka kama `urefu` unaweza kuwa sifuri, anafungua mlango na kuangalia. Komenti ya uga inaweza kuwa fupi: “`urefu` daima ni zaidi ya 0, imeshakaguliwa na `hifadhi_soma`.” Hatari ni kuandika maelezo kamili mlangoni na kuuacha uga na `Tazama hifadhi_soma()`. Hapo umempa mtekelezaji mkataba wa mtu mwingine. Mlango unaahidi kushika kufuli. Uga unatakiwa useme kufuli *limeshashikwa*. Sentensi hizo mbili zinakinzana ukizinakili kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kuzigeuza.

GLib ina kitu kingine cha kuazima, hata kama huitumii. Kwa kolbaki, maelezo yake hubeba alama za muda wa uhai: `scope call` ikiwa kolbaki ni halali mpaka funksheni irudi tu, `scope async` ikiwa itaitwa mara moja kisha iachiliwe, `scope notified` ikiwa ni halali mpaka funksheni ya kusafisha iitwe, na `scope forever` ikiwa itadumu mpaka programu ifike mwisho. Alama hizo ziliwekwa ili lugha nyingine ziweze kuunganishwa na maktaba za C, lakini binadamu pia anazihitaji. Niliwahi kuandika kolbaki ya saa iliyoachilia kumbukumbu ya kitu chake ndani ya mwito wenyewe. Maktaba ilikigusa tena baada ya kolbaki kurudi, na programu ikaanguka mahali pasipohusiana kabisa. Komenti ilikuwa inasema “huitwa muda ukiisha”. Kila neno lilikuwa la kweli.

libcurl, maktaba ya kuhamisha data mtandaoni, haina mlango kwa kolbaki zake, ila kila kolbaki ina ukurasa wake wa mwongozo, na ndani yake saini huandikwa kama ya funksheni ya kawaida, `size_t write_callback(char *ptr, size_t size, size_t nmemb, void *userdata)`, kana kwamba ipo. Ukurasa unasema mambo ambayo saini inayaficha: `size` daima ni 1, data haimalizikii na sifuri, na ukirudisha idadi tofauti na uliyopewa, uhamishaji unakatwa kwa kosa. Kwa maktaba ya umma yenye kolbaki chache zinazotumiwa na watu wengi sana, hilo ni chaguo la busara.

## Waraka uliojitenga

Kuna maelezo yasiyoingia kwenye heda, yaani faili la `.h`, hata ukiyasukuma. `Documentation/filesystems/locking.rst` ya Linux ina majedwali yanayoonyesha kwa kila shughuli ya mfumo wa mafaili ni makufuli gani yameshikwa wakati inaitwa. Ungeyatawanya juu ya nyuga, kila moja lingekuwa sahihi na hakuna ambaye angeona picha. Vivyo hivyo `signal-safety(7)`: orodha ya funksheni zinazoruhusiwa ndani ya kishughulikia ishara si mali ya `typedef` yoyote.

Bei yake ni kuchakaa. Jirani yake, `vfs.rst`, kwa miaka mingi imetanguliza orodha ya `struct inode_operations` kwa maneno kwamba hiyo ni hali ya kerneli 2.6.22, toleo la 2007, huku ndani ya orodha hiyo hiyo mna `atomic_open` na `tmpfile` ambazo zilikuja miaka kadhaa baadaye. Watu wameongeza nyuga na kuiacha tarehe. Msomaji hajui aamini kipi. Kama utaweka waraka pembeni, usinakili `struct` ndani yake. Andika yale yanayovuka nyuga, na saini ziache kwenye heda.

## Uga ukiachwa mtupu

Popote utakapoyaweka maelezo, jambo hili ndilo linalosahaulika zaidi. Tangu C99 tunaandika `.soma = diski_soma` na kuacha nyuga nyingine; kompaila huzijaza `NULL`. Kwa hiyo `NULL` ni sehemu ya kiolesura, hata kama hukukusudia.

Maana yake haikisiki. Ndani ya `struct file_operations` hiyo moja tu ya Linux: `open` ikiwa `NULL`, kufungua kunafaulu. `flush` ikiwa `NULL`, hatua inarukwa kimya. `poll` ikiwa `NULL`, faili huhesabiwa kuwa tayari kusomwa na kuandikwa. `fsync` ikiwa `NULL`, mtumiaji hupata `-EINVAL`. `unlocked_ioctl` ikiwa `NULL`, hupata `-ENOTTY`. Ruhusa, ukimya, jibu la kudumu, na makosa mawili tofauti, vyote kwa thamani ile ile. Mtekelezaji asiyeambiwa ataandika `poll` ya bure inayorudisha kile ambacho `NULL` ingempa, au ataacha `fsync` akidhani itarukwa kama `flush`.

Maneno mawili yanatosha kuanza kila komenti ya uga: “Lazima” au “Si lazima”. Likiwa la pili, sentensi inayofuata iseme nini hutokea.

## Kuchagua

| Njia | Humfaa zaidi | Huharibika pale |
|---|---|---|
| Juu ya muundo | anayetafuta picha nzima | nyuga zinapozidi kumi, au waandishi ni wengi |
| Juu ya kila uga | mtekelezaji | mkataba unapovuka nyuga |
| `typedef` | kolbaki inayopitishwa kama hoja | saini moja inapobeba mikataba miwili |
| Funksheni ya mlangoni | anayeita | uga unapoachiwa “tazama kule” |
| Waraka pembeni | anayejifunza makufuli na mpangilio | unaponakili msimbo |

Muundo wa nyuga tatu au nne, unaotekelezwa ndani ya mradi huo huo na watu wawili, komenti moja juu inatosha, usijitese. Watekelezaji wakiwa nje ya timu yako, nenda juu ya kila uga bila kujadili. Kolbaki moja inayopitishwa kama hoja: `typedef`, na kila funksheni inayoipokea iongeze sentensi yake kuhusu lini itaitwa na itadumu hadi lini. Ukiweza kuandika mlango, uandike, kwa sababu unapunguza idadi ya ahadi ambazo uga unapaswa kuzibeba.

Na kile kinachoweza kukaguliwa na mashine kisiachwe kiwe maneno tu. Katika kerneli, `lockdep_assert_held()` mwanzoni mwa utekelezaji husema jambo lile lile na komenti ya “kufuli limeshikwa”, tofauti ikiwa kwamba yenyewe hupiga kelele likivunjwa. `make W=1` huonya uga ukikosa kutajwa kwenye komenti ya kernel-doc; Doxygen ina `WARN_AS_ERROR`. Hakuna chombo kati ya hivyo kitakachojua kama `@soma: husoma` inatosha.

Nikirudi kwenye `hifadhi_ops`, swali lililonigharimu zaidi halikuwa la `soma`. Lilikuwa hili: `fungua` ikishindwa, `funga` huitwa? Mtekelezaji mmoja alidhani ndiyo, akaacha kumbukumbu isafishwe na `funga`. Mwingine alidhani hapana, akasafisha mwenyewe. SQLite imekutana na swali hilo hilo na imelijibu kwa maandishi: `xOpen` ikiweka `pMethods` (kielekezi cha `sqlite3_io_methods`) isiyo `NULL`, basi `xClose` inaweza kuitwa hata kama `xOpen` iliripoti kushindwa, asiyetaka hivyo aiache `NULL`. Sentensi yangu ina majina mawili ya nyuga, kwa hiyo ilikwenda juu ya muundo:

```c
 * @fungua ikirudisha kosa, @funga HAIITWI. @fungua iachilie
 * kila ilichokishika kabla ya kurudi.
```